Bibi Harusi wa Ukutani

Sukari hakuwahi kumwibia mtu. Watu walimpa wenyewe. Asubuhi hiyo alifungua ukurasa wa Mama Magauni, fundi wa nguo za harusi, na gauni la kwanza likawa linateremka kwenye simu yake kipande kwa kipande, kwa mwendo wa kobe. Akatabasamu. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mshindani wa fundi huyo, Tajiri, aliyetaka bango la kufunika ukuta mzima lakini hakuwa na gauni hata moja la kutazamika.

"Dada yangu," Sukari alisema akiingia dukani na kompyuta kwapani, "picha zako zingetosha kujaza ukuta, nawe unaziweka kwenye simu. Wateja wanachoka kungoja, wanaondoka."

"Ndiyo maana duka limepoa hivi? Mbona nilizibana zikawa ndogo?"

"Umezibana kwa macho tu, dada. Uzito uko palepale. Punguza nukta zenyewe zinazoiunda picha. Ila nukta zikishatoka hazirudi: ukiivuta picha iwe kubwa tena, unapata ukubwa mtupu."

"Bei gani?"

"Bure! Nipe tu zile kubwa nikakutupie, zinakujazia nafasi."

Mama Magauni alimtazama. Mtu afanye kazi bure, kisha agombanie takataka? Akamwagizia soda, akamwacha apunguze picha zote na kuzipandisha kwenye ukurasa. Halafu akaingia chumba cha kushonea, akazivuta zile ndogo mpaka zikafikia upana wa zile kubwa, akamtilia kwenye flashi. Zile kubwa hazikutoka chumbani.

Sukari alikagua upana, akaridhika. Kwenye kioo cha kompyuta yake kila bibi harusi aling'aa. Siku hiyohiyo akamuuzia Tajiri picha zote. Tumwachie furaha yake; haikudumu.

Bango lilipopanda ukutani, bibi harusi alikuwa na vigae viwili mahali pa macho, na shela lake lilikuwa sakafu ya bafu. Wapita njia wakajaa.

"Huyu kashonewa gauni au kajengewa?" mmoja akauliza.

Tajiri hakucheka. Alidai pesa zake, na alipokuta zimeshaliwa, akaichukua kompyuta.

Sukari akakaa ukingoni mwa barabara, akafungua simu. Ukurasa wa Mama Magauni ulitokea kufumba na kufumbua, magauni yote, na juu yake maneno mapya: "Umeliona bango la ng'ambo? Njoo ulione gauni lenyewe." Mlangoni kwa fundi wanawake walikuwa wameanza kupanga foleni.

Kazi safi kabisa, alikiri Sukari. Na aliifanya yeye, kwa malipo ya soda moja.