Bampa Iliyonyooka Kupita Kiasi

Jumamosi, tarehe 5 Julai

Nguruwe wa Feleti! Sitaji mkosaji mwingine kwa sababu hakuna mwingine. Natoka shambani na mzigo wangu wa magimbi, polepole, kiungwana kabisa, jike lake limejilaza katikati ya barabara utadhani limepewa hati ya kiwanja. Nikakata kona. Nikagonga ukuta wa mawe wa Feleti. Nguruwe hakufumbua hata jicho. Bampa ya mbele ya pikapu yangu imelegea upande wa kushoto, nusura iguse lami.

Feleti akatoka na kikombe chake cha chai, akauliza kama ukuta umeumia. Ukuta! Kisha akanipa pole, uongo mtupu, akasema nisihangaike, jirani, Jumamosi ijayo yeye atampokea mchungaji mpya bandarini Neiafu kwa gari lake.

Kumbe ndiyo anayoyawaza! Mchungaji mpya ni wangu. Mzee Manase, msimamizi wa kanisa, aliniahidi mbele ya wanaume wote tukinywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi. Nikaenda kwake jioni kumkumbusha. Akasema ahadi ipo, ila mtumishi wa Mungu hatapandishwa gari lenye mdomo uliolegea, vijiji vya jirani vitatucheka. Inyooke kabla ya Jumamosi, la sivyo Feleti.

Feleti! Ambaye tangu ujana wetu anaharibu besi ya kwaya!

Luseane, mke wangu, anasema nilegeze bolti, niinue bampa kwa jeki, nikaze tena. Luseane ni msuka mikeka. Nimemwomba aniachie mambo ya magari.

Jumapili, tarehe 6 Julai

Siku ya Bwana. Kushika nyundo leo ni kujitafutia kesi na kijiji kizima. Lakini kukaa si kazi! Nimelitafakari hili mahubiri yote. Bampa imeshuka kushoto, basi kulia imepanda. Mtu mwenye mwili wake akikaa kulia, mambo yatakuwa sawa. Nilisubiri nishibe chakula cha mchana ili niwe katika uzito wangu bora, nikatoka na Biblia, nikakaa juu ya bampa upande wa kulia, nikawa nasoma. Na kurukaruka kidogo.

Mzee Manase akapita. Akauliza nafanya nini. Nikasema nasoma Zaburi. Akauliza mbona narukaruka. Nikasema ni furaha ya Neno. Akasema, "Lisiate, Jumatatu ipo."

Matokeo: bampa sasa imelegea pande zote mbili. Luseane anasema gari limenuna. Sioni kwa nini ilibidi acheke mpaka ashike mlango.

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Leo kazi ya kiume. Chuma kilichopinda kwa kugongwa hunyooka kwa kuvutwa, mtoto mdogo anajua. Nikafunga mnyororo kwenye bampa, upande wa pili nikaufunga kwenye mnazi, nikaingia ndani nirudi nyuma kwa nguvu. Feleti akaleta kiti chake mpaka kwenye mpaka wa uwanja wangu na kuuliza kiingilio ni kiasi gani. Sikumjibu. Nilikanyaga mafuta.

Mnazi ukatikisika. Nazi zikaanza kushuka. Moja ikatua kwenye boneti, nyingine ikaondoka na kioo cha pembeni. Nikakanyaga zaidi, kwa hasira sasa, nakiri. Bampa ikabaki kwenye mnazi. Pikapu ikaenda nyuma kwa kasi na mimi ndani yake, ikapita juu ya majani ya mkadi ya Luseane, yale aliyoyachemsha na kuyaanika juani kwa ajili ya mkeka wa dada yake. Yote!

Feleti akasimama na kupiga makofi. "Hongera, jirani! Sasa haining'inii kabisa!"

Nani alipanda mnazi mahali pale? Ni mzembe gani? Luseane anasema ni mimi.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Luseane alikuwa hasemi na mimi tangu juzi. Leo kasema: "Bolti. Jeki. Kaza."

Wakati huohuo, bila kuhusiana na hilo, nikapata wazo langu mwenyewe. Nikavinyoosha vile vyuma viwili vinavyoshikilia bampa, kwa nyundo, juu ya jiwe. Nikairudisha bampa mahali pake na bolti zikiwa zimelegea. Nikaiinua kwa jeki. Nikaweka sufuria ya maji juu yake nione maji yanaelemea wapi. Luseane alikuwa akisema panda, shuka, panda kidogo, hapo, kaza. Mchango mdogo, ila nimeushukuru.

Jamani! Imenyooka! Nikaipiga rangi nyeupe iliyobaki kanisani, nikang'arisha na boneti palipobonyea. Mzee Manase akaja, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Akasema Jumamosi ni yangu. Feleti alikuwa ukutani kwake akilisha lile jike lake, na mdomo ulimshuka kuliko bampa ilivyowahi kushuka.

Kazi kama hii kuifungia uani ni dhambi. Nikaendesha hadi kijiji cha pili, nikapita nyumbani kwa dada yangu Kalolaine, polepole, honi kidogo. Nikageuza nikapita tena. Upande ule wa pili walikuwa hawajaiona vizuri, basi nikapita tena.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Nimeibiwa! Hapana, si wizi, mwizi unaweza kumshtaki.

Dada Kalolaine kaja asubuhi na binti yake Siale, anayeolewa mwezi ujao. Nikafurahi, nikawapa chai. Siale akatoka uani, akaipapasa bampa yangu, akasema, "Mjomba, gari zuri jamani." Basi. Kwetu mtoto wa dada akipenda kitu cha mjomba, mjomba hutabasamu na kukitoa. Nilitabasamu. Mpaka sasa mashavu yananiuma. Nilitoa ufunguo, na tangi limejaa!

Miaka yote gari lile limekaa hapa likikohoa moshi, Siale hakuwahi kuligeuzia hata shingo. Likipata bampa, hodi! Nani kawaambia? Ni Feleti tu, nani mwingine. Luseane akauliza nani alipita kwao na honi. Hilo halihusiani kabisa.

Na kesho je? Na mchungaji? Mbele ya dada mkubwa mtu habishani, lakini nikauliza, kwa adabu. Kalolaine akanipigapiga begani. "Usijali, mdogo wangu, mchungaji atapanda gari hilohilo. Siale ataendesha." Nilitaka kulia. Nililia kidogo, nyuma ya banda la kuku.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Nimefunga mkeka wa heshima kiunoni, kama tuvaavyo siku kubwa, ule mzuri wa marehemu baba. Mchungaji alishuka melini, akasimama mbele ya pikapu, akasema gari hili limetunzwa vizuri, bampa imenyooka kweli. Siale akasema asante, mtumishi.

Asante! Yeye!

Mbele wakakaa Siale, mchungaji na Kalolaine. Mimi nyuma, nimekumbatia friji la mchungaji lisianguke, njia nzima kutoka Neiafu. Kila kona friji linanibana kwenye ubavu. Feleti akatupita na gari lake tupu, akapunguza mwendo, akauliza kama nahitaji lifti. Nikamwambia nimeshapata. Mzee Manase anasema ahadi yake imetimia, pikapu niliyoinyoosha ndiyo iliyombeba mchungaji. Watu wazima ovyo!

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Akili imenirudia. Hivi mimi si mtoto wa dada ya mtu? Mjomba Vaka, kaka yake mama, ana pikapu ya bluu kule Leimatu'a. Injini nzima. Inakaa tu, haina mtu anayeitaka, kwa sababu bampa ya nyuma imelegea.

Niichukue hivyohivyo? Mimi, Lisiate, nipite mbele ya Feleti na bampa iliyolegea? Kamwe! Naanza kuinyoosha palepale uwanjani kwa mjomba, napiga rangi, naizungusha kijijini na honi kidogo kuijaribu. Ndipo nitaipapasa na kusema, gari zuri, mjomba. Luseane alifungua mdomo aseme jambo kuhusu dada, nikamkatiza. Wivu.

Shida ni usafiri, na spana zangu zote zimebaki kwenye pikapu aliyoichukua Siale. Nikaenda kumwomba Kalolaine anipeleke. Akauliza tunakwenda kufanya nini, nikamweleza mpango wote, hatua kwa hatua, hata rangi nitakayotumia. Amefurahi mno. Dada yangu ana moyo mzuri, sikatai: anakuja mwenyewe, na atamleta kijana wake wa pili, yule ambaye bado hana gari.