Gongo la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Shajara yangu mpenzi, salamu nyingi. Hujambo? Vumbi la kabati halijakukaba? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila moyo unanichoma. Unaijua familia yetu: baba kriketi, mama mshambuliaji wa mpira wa magongo, dada mkubwa nahodha wa kila kitu. Mimi nacheza michezo yote miwili. Dada anasema naiharibu yote miwili. Jumamosi tunacheza kriketi na ukoo wa fundi cherehani. Wanatakiwa kumi na mmoja, sisi tuko kumi na wawili. Na kila mwaka anayebaki kubeba maji ni nani? Mimi, mtu mzima mwenye mvi! Shemeji, mume wa dada, aliyeujua mchezo kwa kuoa, anacheza! Mwaka huu hapana.

Jumanne, 4 Juni
Mungu hamtupi mja wake. Shemeji kaapa mbele za watu kwamba hashiki gongo jingine ila lile lake. Basi bila gongo, hakuna shemeji. Nimelifunga kwenye shuka, nimelisukuma uvunguni mwa kitanda changu. Si wizi. Nalihifadhi.

Jumatano, 5 Juni
Nimesali kwa sauti. Nilimwomba Mungu alifiche gongo la uvunguni, mke wangu asijue. Kumbe yuko mlangoni. Kanitazama kwa huruma, kajitanda kanga, kaondoka kuelekea kanisani. Mwanamke mwelewa!

Alhamisi, 6 Juni
Mchungaji kaja na akina mama wawili wa kwaya. Kauliza kwa upole nilianza lini mambo ya gongo. Nikafurahi, watu hawaniulizagi. Nikasema tangu utotoni, baba ndiye aliyenionjesha. Akashika kifua. Na mama je? Nikasema mama alimzidi baba, wanaume walikuwa wakimkimbia. Kwaya wakaanza wimbo wa toba. Akauliza kama naweza kuliacha. Nikajibu limo damuni, ukoo wetu watoto tunawaanzisha kabla hawajaota meno. Mama mmoja akakaa chini.

Ndipo nikafahamu. Walidhani gongo la kunywa! Mimi ambaye hata siki inanilewesha! Kuokoa jina langu nikakimbilia chumbani, nikalivuta uvunguni, nikarudi nikaliinua juu. Tazameni, la kuchezea!

Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kwaya.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepewa ndoo ya maji. Lakini binamu kaamka anaumwa jino, dada kasema afadhali mimi kuliko pengo. Nikaingia wa mwisho. Ilibaki mikimbio miwili tushinde! Shemeji, aliyekwisha kutolewa, kanipa gongo lake mwenyewe. Kasema shika, mlevi, ila usilinywe.

Nikaupiga! Mpira ukaviringika chini, polepole, kama unaniita. Miguu ikasahau ni mchezo upi. Nikaufuata, nikaukokota kwa gongo, nikampiga chenga fundi, nikampita mkewe, nikaufikisha mpakani nikipiga kelele: Gooo!

Katika kriketi, kuufuata mpira na kuupiga tena ni kutolewa. Mwamuzi kanyanyua kidole huku machozi ya kicheko yanamtoka. Tumeshindwa. Baba kacheka hadi meno ya bandia yakadondoka. Mama kanikumbatia, kasema chenga ile nimeirithi kwake. Dada kajikaza asicheke, kashindwa.

Jumapili, 9 Juni
Nimetubu. Shemeji kanisamehe, tumekula sahani moja. Nimeelewa kosa langu: lilikuwa lile neno. Jumamosi ijayo ni mpira wa magongo, na tuko kumi na wawili tena. Viatu vya shemeji vimeshafika uvunguni. Viatu havinywewi.

Unaonaje, shajara yangu? Nijibu upesi, tafadhali. Mke wangu ameanza kuuliza harufu hii inatoka wapi.