Uyoga wa Elimu

Donati ndiye mwanamume wa kwanza hapa Ifakara kumnyima mama mkwe chumba ili kuupisha uyoga!

Usicheke kwanza. Mama mkwe mwenyewe hakucheka. Bi Margareta alishuka kutoka Mahenge amekumbatia jogoo, amekuja mapema kwa ajili ya Kipaimara cha mjukuu wake Jenifer. Akakuta chumba cha wageni kimepigwa kufuli kubwa kama la ghala, na yeye ametandikiwa godoro sebuleni, chini ya televisheni.

"Shikamoo, mama," Donati alisema, kichwa kimeinama kwa adabu zote za ukwe.

"Marahaba, baba. Chumbani kuna mgonjwa?"

"Hapana, mama. Kuna hobi."

Bi Margareta akamweka jogoo chini. Katika umri wake alishalala nyumba zenye kunguni, zenye popo, hata moja yenye nyoka darini. Yenye hobi ilikuwa ya kwanza.

Sasa, hobi yenyewe ilianzia mashineni. Donati alikuwa karani wa mashine ya kukoboa mpunga. Kazi nzuri tu, isipokuwa yeye alichomeka kalamu tatu mfukoni na kutembea kama mtu aliyeuvumbua mchele. Siku moja akaja fundi kutoka Dar kurekebisha injini. Wakiwa kwenye chai, fundi akamuuliza kirafiki, "Mimi hobi yangu kuogelea. Wewe, bwana, una hobi gani?"

Donati hakuwahi kulisikia neno hilo. Lakini mtu wa kalamu tatu haulizi maana!

"Namshukuru Mungu," akajibu kwa utulivu, "nilipima mwezi uliopita, sina."

Chai ikamtoka fundi puani. Gasper, mpakia magunia, alicheka mpaka akaketi juu ya mzani, na mzani nao ukatikisika kama unacheka. Kuanzia siku hiyo kila aliyeingia mashineni alimsalimia hivi: "Mheshimiwa, majibu yametoka?"

Mtu mwingine angecheka nao, yakaisha. Donati aliapa atapata hobi, tena kubwa kuliko zote za bonde hili! Akazama kwenye simu. Kuogelea akakukataa, maana mto Kilombero una mamba, na mamba hawaheshimu hobi. Gofu akaona ni kuchimba vishimo bila kupanda kitu. Ndipo akakutana na video ya Mzungu mwenye ndevu, amejifungia chumbani kwake, anazungumza na uyoga kwa sauti nyororo ambayo Donati hajawahi kuitumia hata kwa mkewe.

Moyo ukasema: hii hapa!

"Kwa hiyo utalima uyoga," alisema Restuta, mkewe.

"Kulima? Mimi? Mama Jeni, kulima ni shida. Anayelima anachafuka. Hii ni hobi, na hobi ni hadhi!"

Aliyasema hayo huku akitafuna wali uliolimwa na kaka yake mwenyewe, anayeamka na jembe kila siku kule Mlimba. Tena akaomba aongezewe.

Mbegu za uyoga aliziagiza Morogoro, zikaja na basi ndani ya chupa iliyofungwa kwa pamba kama dawa ya mfalme. Mabua ya mpunga, ya bure kabisa, aliyachemsha uani kwenye pipa. Moshi ukatanda, na mtaa mzima ukanuka kama kuna mtu anamwogesha tembo kwa maji ya moto. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Beno, akafuata harufu hadi kwenye pipa.

"Donati, hiyo gongo?"

"Hapana, mwenyekiti. Ni hobi."

Mzee Beno akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Inatoa debe ngapi?"

Mabua yalipopoa, Donati akayashindilia kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu, akaitundika darini kwenye chumba cha wageni kama nyama buchani. Madirisha akayaziba kwa mablanketi, yale mazuri ya wageni. Kisha akatangaza sheria za nyumba. Marufuku kupaza sauti! Marufuku kukaanga vitunguu! Anayepita mlangoni apite kwa ncha za vidole, maana uyoga una hisia. Jioni alijifungia humo na bomba la kunyunyizia maji, akawa anabembeleza, "Haya wapendwa, oteni, baba yupo."

Nje, Restuta alikuwa akisikiliza na kukumbuka kwamba yeye mwenyewe hajaitwa mpendwa tangu siku ya ndoa.

Nyuma ya nyumba, upande wa pili wa ua wa matete, aliishi Levina, mkaanga samaki mwenye migomba minene na kicheko kinene zaidi. Siku moja akachungulia.

"Jirani, uyoga unafungiwa ndani? Si mvua ikinyesha unajiotea tu?"

Donati akamwonea huruma. "Dada Levina, ule wa kwenu ni uyoga wa bahati. Wangu ni uyoga wa elimu."

Na kwa kuwa alikuwa na elimu, akaanza kualika. Alimwalika Padre Ignas. Akaalika kwaya, tena na spika zake. Akawaalika wote wa mashineni waliomcheka. "Siku ya Kipaimara cha Jeni," aliwaambia, "mtakula uyoga wa kifahari, ule unaoliwa na mabalozi. Nyama mtaiona chungu!"

Uyoga ulisikia. Ukakataa.

Kwanza ilitokea rangi ya kijani kwenye mfuko mmoja. Donati akafurahi, akamwambia mama mkwe kwamba hiyo ni aina ya gharama. Kisha mifuko yote ikavaa kijani kama timu ya mpira. Kisha ikaja harufu! Nzi walikuja kwa wingi, nadhani hata wa kijiji cha Kisawasawa walipata taarifa. Bi Margareta, aliyelala hatua chache kutoka mlango ule, akajifunga kanga puani na kusali rozari kimoyomoyo.

"Umeoza," alisema Restuta.

"Unapumzika," alisema Donati. "Ni hatua ya kutafakari."

Lakini moyoni alijua. Jumapili iliyofuata, wote wakijiandaa kwa misa ya kwanza, tumbo likamshika ghafla, la aina ile inayopona wengine wakishatoka. Familia ilipokata kona, Donati aliibeba mifuko mmoja mmoja, ikimchuruzikia mgongoni, akairusha juu ya ua, kwenye migomba ya Levina. Akafagia. Akaoga mara mbili. Na kufuli? Kufuli akalirudisha palepale! Angeliondoa angeulizwa. Kwa hiyo mama mkwe akaendelea kulala sebuleni na mgongo wake unaouma, akilinda chumba kitupu.

Siku ya Kipaimara ikafika, na mvua ilikuwa imenyesha mfululizo wiki ile. Bahati nzuri Restuta hakuwa mtu wa kuamini mifuko. Alikuwa amepika wali na maharage, na yule jogoo wa Mahenge alikuwa ameshapata wito wake. Wageni walijaa chini ya turubai, wakishusha macho kwenye sahani kisha wakiyapandisha kwa mwenye nyumba.

"Mheshimiwa," Gasper akapaza sauti, "uyoga uko wapi?"

Donati akasimama. Akachukua kipaza sauti cha kwaya, akakikoholea, akavaa uso wa msiba.

"Baba Padre, mwenyekiti, ndugu wageni. Alfajiri ya leo hoteli moja kubwa ya watalii imetuma gari na kuuchukua uyoga wangu wote. Niliwakatalia. Wakalia machozi! Ningefanyaje?"

Watu wakaguna kwa heshima. Hata Gasper alionekana kutikisika. Donati alihisi kifua kikijaa hewa tamu, na mambo yangeishia hapo angetoka salama.

"Hodiii!"

Levina akaingia na beseni kichwani. Akalitua mezani mbele ya Padre. Uyoga! Mweupe, mnene, umekunjuka kama masikio ya watoto wachanga, umejaa hadi unamwagika.

"Jirani, nisamehe kuchelewa," Levina alisema. "Huu umeota kwenye migomba yangu, juu ya ile mifuko yako. Mimi sijauonja, naogopa. Nimeuleta uutambue mwenyewe. Ndio wenyewe?"

Macho yote kwa Donati.

Alijiona amesimama kwenye njia panda isiyo na kibao. Akisema si wake, heshima imekwenda. Akisema ni wake, hoteli imekwenda. Na ukweli mchungu zaidi ni kwamba hakuujua! Uyoga wake alikuwa ameuona kwenye simu tu, na kioo cha simu kilikuwa na ufa pale pale uyoga unapokaa.

"Ndio... wenyewe," akasema.

Restuta hakusubiri la pili. Akaukata, akaukaanga na vitunguu na karanga za kusaga, na harufu iliyotoka jikoni ikawafanya wanakwaya wameze mate kwa sauti nne. Bakuli likaletwa. Hakuna aliyegusa.

"Shangazi yangu," alisema Gasper, "alikula uyoga asioujua. Alishinda siku nzima anamwamkia mbuzi shikamoo."

"Mtaalamu aanze," akaamua mwenyekiti.

"Mtaalamu aanze!" wakaitikia wote.

Restuta akamkabidhi mumewe kijiko. Donati akakichovya. Akakiinua. Akaona jeneza, akaona Gasper akilibeba huku anacheka. Akamsogelea Padre, akamnong'oneza sikioni:

"Baba Padre, kabla sijaonja, naomba kuungama."

"Sasa hivi? Hapa?"

"Uyoga hausubiri, Padre. Nimesema uongo. Hakuna hoteli. Uyoga wangu ulioza ndani. Nikasingizia tumbo siku ya misa, nikautupa kwa Levina. Chumba kitupu hadi leo, na mama mkwe wangu analala chini, maana niliogopa kuulizwa. Na hobi, Padre, nilidhani ni ugonjwa."

Aliyasema yote kwa sauti ndogo mno, ya majuto ya kweli. Ila kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, chini ya kidevu, na spika za kwaya zilikuwa mpya. Mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita barabarani alisimama kabisa, akazima injini.

Padre akafumba macho muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, nasi tuseme alikuwa anasali. "Mwanangu," akasema hatimaye, "kitubio chako kiko kwenye kijiko."

Donati akameza.

Wakamtazama kama watu wanavyotazama sufuria ya maziwa. Mama mkwe alisogeza kiti karibu aone vizuri. Donati akakaa, jasho likimtiririka, akingoja kuwaamkia mbuzi. Badala yake akacheua. Cheuo refu, tamu, la afya!

Basi ndugu yangu, ule haukuwa mlo, ulikuwa uvamizi. Kabla Donati hajanyoosha mkono kwa kijiko cha pili, bakuli lilikuwa limelambwa, na mama mkwe anapangusa ukingo kwa kidole.

"Dada Levina," Padre aliuliza, "umewezaje?"

"Kuweza nini, Padre? Nilitaka kwenda kumshtaki kwa kunitupia takataka. Mvua ikanizuia, nikalala."

Mzee Beno akakumbuka cheo chake. Akasimama, karanga zimemganda kwenye masharubu. "Donati, ya Padre yameisha, lakini ya serikali ya mtaa bado. Kutupa taka kwa jirani ni kosa. Kesho asubuhi ukafagie ile migomba yote!"

"We mwenyekiti!" Levina akaruka, mikono juu. "Asiguse! Mwambie atupe tena!"