Tonge Moja, Vibanio Ishirini

Jumatatu, 6 Aprili
Siku kumi na tisa kabla ya nikaha ya binti yangu Sahar. Tutakula pilau kwa sinia, nami nitakaa sinia moja na shemeji yangu Abdulrauf. Tangu kiharusi cha Desemba mkono wangu wa kulia haushiki tonge. Abdulrauf anaeneza habari kwamba nitaletewa kijiko. Wallahi sitaletewa! Kula kwa mkono wa kushoto ni aibu. Kijiko ni ushindi wake.

Daktari aliniambia zamani nimtafute mtaalamu wa tibakazi. Nilipuuza. Leo nimetafuta. Wa kwanza, kule Loresho, kumbe ni mkandaji. Amenipaka mafuta, nimetoka nanukia kama maandazi. Mkono vilevile.

Jumatano, 8 Aprili
Nimempata wa kweli, tena hapahapa Mountain View, nyuma ya duka ninaponunua mkate! Anaitwa Nyakio, leseni iko ukutani. Nilitarajia sindano. Akaniuliza, "Mzee, unataka hiyo mkono ikusaidie kufanya nini?"

Nikamwambia: tonge. Hakucheka. Akaeleza kwamba kazi yake ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku: kuvaa, kupika, kula. Kisha akanipa vibanio vya nguo ishirini nivibane na kuvibandua kwa mkono wa kulia, mara tatu kwa siku. Vibanio! Mimi, Mbarak, muuza vitambaa wa Biashara Street! Nikashukuru kwa adabu, moyoni nimenuna.

Jumatano, 15 Aprili
Mpango: mke wangu Ummulkheir abane, mimi nitie alama kwenye karatasi ya mazoezi aliyonipa Nyakio. Wiki nzima, alama tele. Nyakio akaisoma, akasifu, kisha akaniomba nimwanikie taulo. Kibanio kikaruka, kikampata kwenye paji la uso. Akauliza ni nani amekuwa akibana, nikakiri.

Akasema, bila hasira, kwamba kwa bidii hii Ummulkheir atakula tonge zuri sana. Nimeona haya. Jioni nimebana mwenyewe, vyote ishirini. Nitabana kila siku. Kwa Abdulrauf sishindwi!

Jumamosi, 25 Aprili
Nikaha imefungwa. Sinia ikaletwa. Abdulrauf akaniagizia kijiko kwa sauti, waalikwa wote wasikie. Nikasema Bismillahi. Tonge la kwanza likamwagika kwenye kanzu. La pili likafika kinywani. Nililia, sifichi. Sahar alikuwa akichungulia mlangoni, naye akalia. Abdulrauf akabaki na kijiko chake mkononi.

Jumapili, 26 Aprili
Nimepona! Nimempigia Nyakio kumwambia siendi tena. Akasema bado kuna vifungo na mkasi wa dukani. Nimemwambia vifungo si tatizo. Leo amenifungia Ummulkheir, vyote, haraka sana.

Abdulrauf analalamikia goti. Nimemwambia asihangaike kutafuta mtaalamu, mimi nipo. Nimemtengea vile vibanio ishirini. Karatasi ya mazoezi nimeshamjazia, wiki nzima.