Moyo wa Shemeki, Jina Langu

Jumatatu, 9 Septemba
Nimeamka saa nne juu ya meza ya depo, kashe ya kupigia karatasi imeniachia muhuri shavuni. Baharanyi, karani mwenzangu, ameishatangazia wabebaji wote kwamba nakoroma kama lori inayopanda milima ya Masisi. Uongo! Nilikuwa nafikiri, macho yamefungwa.
Mbaya zaidi: Mama Lucie, mwenye depo, anatafuta shefu mupya. Muzee Darius, shefu wa zamani, naye alikuwa analala mezani. Tension, ile presha ya damu, ikamuangusha kati ya mifuko ya saruji, na mpaka leo nusu ya mwili haisogei. Sasa ni mimi ao Baharanyi. Kila mutu alete karatasi ya munganga ya kuonyesha ni muzima, siku ya Ijumaa.

Jumanne, 10 Septemba
Nimepima tension kwenye farmasi, kimya kimya. 18 kwa 11! Mutu muzima ni 12 kwa 8. Mashine yao imezeeka.
Joviale, mama watoto, anasema mashine ni nzima, mubovu ni mimi. Eti nakoroma, kisha pumzi inakatika, kisha naruka kama mutu aliyetolewa ziwani. Tangu Pasaka analala na watoto. "Utaniacha mujane," akasema. Wanawake na maneno!
Halafu nikamuona shemeki Buhendwa, mudogo wake, akifunga kamba za viatu vya mupira. Miaka ishirini na sita. Hagusi pombe. Analala sebuleni kwetu tangu mwezi wa tatu, kati yetu ni ukuta wa mbao tu. Ee Mungu, akili hii ulinipa ya kazi gani kama si hii? Moyo wake, jina langu!

Jumatano, 11 Septemba
Nimemupa shemeki somo. Wewe ni Mulumeoderhwa, karani, miaka arobaini na saba. Buhendwa akauliza kama hawataona uso. Nikamuambia munganga anatazama mukono. Nikamuahidi kazi deponi nikiisha kuwa shefu. Alipiga miayo mara saba. Vijana wa leo hawana heshima.

Alhamisi, 12 Septemba
Tumeenda dispanseri moja ya kata ya Mapendo, kwa sababu huku kwetu Katoyi wote wananijua. Nilingoja inje. Saa nzima! Kumbe alisinzia kwenye benchi, wakamuamsha kwa kumutingisha.
Matokeo: 17 kwa 10. Miaka ishirini na sita!
Infirmière, muuguzi aliyemupima, alimuuliza kama analala vizuri. Mupumbavu akasema ukweli: miezi sita hajalala, nyuma ya mbao kuna mutu anakoroma mpaka mabati yanaitika. Mama huyo akaandika yote kwenye karatasi, akamuonya kwamba usingizi mubovu ukikaa miaka unakula moyo, unaleta sukari, unafuta akili. Atoroke nyumba hiyo.
Nikamuuliza anaibaje ugonjwa wangu. Akakusanya nguo zake, akaenda kwa shangazi.

Ijumaa, 13 Septemba
Lakini karatasi inasema anakoroma mutu mwingine! Basi mimi sikoromi! Nikaipeleka mbio.
Mama Lucie akaisoma mara mbili, akauliza nani anakoroma kwangu. Nikasema Joviale. Akamupigia Joviale simu palepale, sauti wazi, Baharanyi akisikiliza. Joviale hakuacha kitu, hata mudogo wake kupimwa kwa jina langu.
Mama Lucie akaniangalia sana. "Papa Mulume, mutu unayemuua kila usiku ndiye umemutuma akupimie uzima?"
Baharanyi ndiye shefu. Mimi nikapimwe kwa kweli, ao nisirudi.

Jumapili, 15 Septemba
Jana, munganga wa kweli. 19 kwa 12. Alisema koo linajifunga nikilala, pumzi inasimama, na moyo unakimbia usiku kucha kama mubebaji asiye na zamu. Miaka kumi ya hivyo, mutu anaanguka. Dawa kila siku, nilalie ubavu, pombe ya jioni niache. Joviale akalia mbele ya watu. Nilishika kifua. Niliogopa, nakubali.
Leo, kwenye misa, nimefikiri vizuri. Mama Lucie anataka karatasi nyingine mwisho wa mwezi. Kosa langu nimeliona: nilituma mutu mwenye alikuwa ananisikia. Nyuma ya kanisa kuna fundi viatu, Zéphirin, kiziwi tangu utoto. Uso laini, macho meupe. Huyo analala!
Kesho asubui namupelekea viatu, na jina langu.