Pazia la Chumba cha Kujaribia

Jumatatu, 4 Machi
Nimegundua jambo ambalo hata maprofesa hawalijui. Nimeingia chumba cha kujaribia nguo, hapa hapa kwenye duka langu la ushonaji. Nimefunga pazia, nimefungua, nimetokea ofisini. Mezani nimemkuta mimi mwingine, mnene, mkurugenzi wa kiwanda cha nguo! Ndiye mimi yule aliyekubali ile kazi ya kiwandani miaka kumi iliyopita. Mimi niliikataa, siamrishwi na mtu. Tumekubaliana kubadilishana maisha. Ati kachoka na ofisi. Nimempiga bao mchana kweupe.

Jumanne, 5 Machi
Kiti kinazunguka. Nimezunguka asubuhi nzima. Kisha nikashuka kwa wakataji vitambaa, nikawaonyesha fundi halisi anavyokata. Walitaka kusema kitu. Nikawanyamazisha.

Jumatano, 6 Machi
Mashati mia nne ya shule. Yote mikono ya kushoto, miwili miwili. Wafanyakazi wamegoma. Wivu tu.
Nimechungulia kwangu kupitia pazia. Mnene kamaliza nguo zote nilizochelewesha tangu mwaka jana. Mke wangu kaketi kando yake, anacheka. Nami hajaketi dukani miaka mitatu. Imeniuma, sifichi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia Mnene arudi kwake. Kasema haondoki ng'o. Mke ameshamzoea, anadhani nimenenepa kwa raha. Nikichelewa, sina mke.

Ijumaa, 8 Machi
Kichwa hiki si cha kawaida. Nimemwambia Mnene kwamba kiwandani wanamlilia, bila yeye hakuna kinachokwenda. Kavuta suruali juu, kauliza kama kweli wamesema hivyo. Nikasema wanalia. Akapita pazia mbio, mimi nikabaki dukani kwangu. Mjinga yule, ukimsifu kidogo tu akili yote inamtoka.

Jumamosi, 9 Machi
Mke kasema juma hili nimekuwa mtu, niendelee hivyo hivyo. Kaketi kando yangu, kanishonea vifungo. Sifa zote nimezipokea, ni haki yangu. Kisha kaenda kununua uzi.
Hapo pazia likafunguka. Mimi mwingine, mwembamba, kofia ya rubani. Kasema kwao habari zangu zimefika, ndege haziruki bila mtu wa akili kama yangu. Nikamuuliza kama kweli wamesema hivyo. Kasema wanalia.
Huyu ndiye mtu mwenye macho. Nimemwachia mkasi na funguo za duka. Kofia imenikaa sawasawa.