Njia Isiyo na Magari Ipite Kwangu

Jumatatu, 4 Novemba

Leo wamepita waendesha baiskeli arobaini na mmoja. Wote juu, kwenye barabara nyeupe ya changarawe, mgongoni mwa kilima. Kwangu chini: sifuri. Nimewahesabu kwa darubini huku kahawa ikipoa mkononi. Arobaini na mmoja! Wote wakasimama kwa shemeji yangu Ivo, wakala mkate wake wa kuchoma uliomwagiwa mafuta mapya ya zeituni, wakapiga picha na mbuzi wake. Mbuzi mwenyewe hata si mzuri.

Mimi, Nello Bracciali, mgahawa huu nimeujenga jiwe kwa jiwe, palipokuwa zizi la nguruwe la marehemu baba mkwe. Sikusaidiwa na mtu. Nina pampu tatu. Nina minyororo ya akiba ya kila saizi. Nimefikia hata kuwauzia wageni kapuchino, kahawa ya maziwa ambayo Mwitaliano hainywi ila asubuhi, saa kumi alasiri bila kukunja uso. Nani mwingine hapa Poggiosecco amejishusha kiasi hicho? Ivo hajui hata kuziba pancha!

Sasa habari kubwa. Kamati ya Njia za Baiskeli kutoka Siena inatafuta njia moja ya changarawe ipite kijijini kwetu. Sharti ni moja: isiwe na magari. Ama ipite juu kwa Ivo, ama chini kwangu. Jumamosi anakuja Bi. Ginevra kuzipima zote mbili. Tosca, mke wangu, ambaye ni dada wa Ivo (jambo ambalo halijawahi kunifaa kitu), amesema bila kuzunguka: njia ikipita juu, tunafunga, tunakwenda kufanya kazi kwa kaka yake. Mgahawa wangu! Ivo ameshaniagizia aproni. Ina uso wake kifuani.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepima mwenyewe. Mlima mkali kabisa kwangu ni asilimia tisa. Kwa Ivo, kumi na nne. Kwa hesabu nimeshinda.

Tatizo, kwake unaona minara ya Siena. Kwangu unaona banda la kuku la jirani. Halafu kuna ile kilomita yangu ya udongo wa mfinyanzi. Ikiwa kavu ni ngumu kama biskuti. Ikilowa, hilo tusiliandike.

Ivo alipita na trekta lake, akapunguza mwendo makusudi. Akaniuliza, shemeji, aproni nikukadirie saizi gani, maana mimi nimekisia kubwa kabisa, au tumbo limepungua kwa kukosa wateja? Nikamwambia akamkadirie mbuzi wake. Akacheka mpaka kwenye kona. Nilimsikia.

Jumatano, 6 Novemba

Bunduki zimelia tangu asubuhi. Kikosi cha Armido kinasaka nguruwe pori msitu wa chini, na mabango yao ya manjano yako kila njia panda: TAHADHARI, MSAKO UNAENDELEA. Nikaona mwendesha baiskeli mmoja amefika kwenye bango. Akasoma. Akageuza baiskeli, akaondoka kasi kuliko alivyokuja.

Nikasimama palepale. Nello, wewe ni mtu hatari!

Bi. Ginevra hana haja ya kuiona njia ya juu. Akikuta bango pale mwanzo wa mgongo, atateremka kwangu. Jumamosi ni siku ya kuwinda, nani atashangaa? Nimechukua ubao wangu wa zamani wa vyakula, nimeyafunika maandishi yake kwa chokaa, na upande wa nyuma nimepaka manjano na herufi nyekundu. Umetoka vizuri kuliko wa Armido. Tosca akauliza ninapaka nini. Nikasema ubao wa vyakula. Kwa kiasi fulani ni kweli.

Alhamisi, 7 Novemba

Balaa! Bi. Ginevra amepiga simu. Jumamosi imetabiriwa dhoruba, kwa hiyo anakuja kesho saa tatu asubuhi. Nikamwambia karibu sana, kwa sauti ya mtu aliyetulia. Nikakata simu, nikakimbilia bango.

Nimelipandisha alasiri, mvua imeshaanza. Nimeanguka mtaroni mara mbili, ya pili bango likiwa juu yangu. Lakini limesimama! Limenyooka! Mtu aliyejifunza kila kitu mwenyewe haachi kazi nusu.

Ijumaa, 8 Novemba

Ijumaa. Ijumaa! Naandika neno hili kwa aibu.

Jumanne na Ijumaa hakuna anayewinda Italia nzima. Ni sheria. Bunduki zinalala. Watoto wa chekechea wanajua. Padri anajua. Nguruwe wenyewe wanajua, siku hizo hutembea barabarani kama wanaokwenda sokoni. Nello Bracciali, bingwa wa hesabu, katundika bango la msako siku ya Ijumaa.

Mwanzo mambo yalikwenda sawa. Bi. Ginevra si mwindaji, ni mtu wa mjini. Akaliona bango, akageuka, akaanza kuteremka kwangu. Nilimwona kwa darubini. Nilimkumbatia Tosca. Akaniuliza nimefanya nini tena.

Dakika ishirini baadaye akaingia Armido, bango kwapani, masharubu yanadondosha maji. Akalitupa juu ya kaunta. Akasema bango si letu, siku si ya kuwinda, na eneo ni letu tangu enzi za babu yangu. Matusi matatu kwenye ubao mmoja! Akaniuliza, Nello ndugu yangu, umeona mtu?

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Kunyamaza tu. Lakini masikio yalikuwa yanawaka, nikasema jana niliona watu wa Valtorta.

Watu wa Valtorta! Hao wa kijiji jirani na kikosi chetu hawasalimiani tangu nguruwe mmoja alipopigwa risasi huku akafia kwao, wakamla bila hata kuleta paja. Armido akabadilika rangi. Wamepita wapi? Nikanyoosha kidole. Njia ya kwenda Valtorta ni moja tu. Ni yangu.

Armido akatoka nje, akapiga simu. Maneno matano, labda sita.

Yakaja mapikapu kumi na tisa. Mbwa nyuma, wanaume wamesimama wanapunga fimbo, matope yanaruka juu kuliko paa langu. Yote kwenye njia yangu isiyo na magari! Valtorta nao wakapata habari kwamba wametukanwa, wakapanda kuja kujibu. Kumi na manne mengine. Wakakutana mbele ya mlango wangu, pua kwa pua, honi zinalia. Ni foleni ya kwanza katika historia ya Poggiosecco.

Katikati ya foleni hiyo akatokea Bi. Ginevra kwa miguu, baiskeli begani. Baiskeli ilikuwa imebeba udongo wangu wote. Magurudumu hayazunguki. Kiatu kimoja kimebaki njiani. Akauliza kwa adabu sana kama barabara huwa hivi kila siku. Nikamwambia hapana mama, leo tu, kuna sherehe. Mtu wa Valtorta akapaza sauti kwamba atamfunga Armido mdomo kwa soksi. Bi. Ginevra akauliza sherehe ya nini.

Na chokaa? Mvua ilikuwa imeanza kuiosha tangu jana, Armido akaimalizia kwa kuisugua kwapani. Akanyanyua ubao juu kuwaonyesha Valtorta ushahidi, wao wakautazama upande wa pili, mmoja akasoma kwa sauti: Tambi kwa mchuzi wa bata, kwa Nello.

Shingo zote zikanigeukia. Mpaka za mbwa.

Armido akageuza ubao polepole, akasoma mwenyewe. Akasema, Nello, bata wako mwenyewe alikuwa mkavu. Hapo vikosi vyote viwili vikacheka pamoja, kwa mara ya kwanza tangu yule nguruwe. Waliniacha hai kwa sababu ya kicheko tu. Tosca hakucheka. Alikwenda kumtafutia Bi. Ginevra kiatu.

Jumatatu, 18 Novemba

Barua ya Kamati imefika. Njia itapita juu. Ijumaa ile ile, baada ya kuoga nyumbani kwangu (kwa maji yangu ya moto!), Bi. Ginevra alipanda mgongoni mwa kilima kumalizia kazi. Akakaa saa nzima kuhesabu magari. Halikupita hata moja. Litapita lipi, wakati kila gari la vijiji viwili lilikuwa mlangoni kwangu? Kamati imesifu utulivu wa kipekee.

Tosca ameandika IMEFUNGWA kwenye karatasi, akaibandika mlangoni bila kuniangalia. Nikashika mpini wa ule mlango niliouchonga mwenyewe. Nikaushika kwa muda kidogo.

Jumatano, 20 Novemba

Naandika nimeketi juu ya ndoo nyuma ya jiko la Ivo. Nimejaza upepo kwenye magurudumu tangu asubuhi. Aproni inanibana, licha ya yote. Wageni wananiita Ivo kwa sababu ya uso kifuani. Ivo mwenyewe ananiita shemeji wa upepo, na wote jikoni wameanza kumwiga.

Lakini haijaisha! Nimesoma barua ya Kamati tena, safari hii kwa makini. Idhini ni ya majaribio. Mwezi Machi Bi. Ginevra anarudi kuhesabu magari upya. Yakizidi, njia inahamishwa.

Kwa hiyo leo nimemwambia kinyozi, yeye peke yake na kwa siri kubwa, kwamba nimeona tartufo nyeupe kwenye mgongo wa kilima, kwa Ivo. Ule uyoga wa chini ya ardhi unaofanya watu wazima wadanganye mama zao! Kufikia Jumapili watakuja na magari kutoka mkoa mzima. Siku hiyo nimehakikisha si Jumanne wala Ijumaa. Nimefikiria kila kitu.

Tosca amesikia. Ameacha kumenya viazi, akaniuliza kama nimesahau kwamba juzi halmashauri imefunga njia ya juu kwa nguzo za chuma ili magari yasipite upande wa kijijini. Akauliza sasa hayo magari ya mkoa mzima yatapandia wapi, kama si kwenye njia yetu ya chini.

Nimemwambia aendelee na viazi. Mambo makubwa hayapangwi kwa maswali madogo madogo.